Umeme wa Kambi Saba

Kempa ya kanisa ilifika kwenye karakana ya Chelimo, Litein, saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Juni. Dereva wake, Ooko, aliiegesha kando ya duka la pembejeo, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti bila kuambiwa. Sister Jerusa, muuguzi wa gari hilo, alishuka akiwa na daftari la chanjo kwapani.

Gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea nchi na kulala humohumo. Lilikuwa na kitanda kimoja, sinki, kabati tatu na pazia la maua. Kanisa lilipopewa gari hilo, liliweka mizani ya watoto penye meza ya kulia na friji ya chanjo penye jiko. Chini ya benchi zilikaa betri nne zilizounganishwa pamoja. Juu ya paa zilikaa paneli mbili za sola. Injini ilipokuwa ikizunguka, altaneta nayo ilizichaji betri hizo. Ulikuwa mpangilio wa kawaida na Chelimo aliupenda kwa sababu hiyo.

"Betri zinakufa," Jerusa alisema. "Lakini zinakufa Kambi Saba peke yake. Fort Ternan tunalala siku mbili na friji haisumbui. Chebunyo hivyo hivyo. Tukilala Kambi Saba usiku mmoja, asubuhi chanjo ni supu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Kamati imeniandikia barua. Zikiharibika mara ya tatu, gari linauzwa na hiyo kliniki inafungwa. Nina watoto mia mbili na kumi na nne kwa hiyo register, fundi. Hospitali iliyo karibu ni kilomita kumi na sita, na hizo kilomita zote ni matope."

Chelimo aliandika mia mbili na kumi na nne juu ya karatasi, ingawa nambari hiyo haikuwa ya umeme. Alikuwa na diploma ya umeme na miaka tisa ya kazi. Hakugusa kitu kabla ya kukiandika, na hakuweza kuketi kabla hitilafu haijapatikana. Chai ya saa nne ililetwa, ikapoa, ikaondolewa.

Alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya magadi. Alikaza nati. Alipima kila betri ikiwa peke yake, akapata volti kumi na mbili nukta saba kwa zote nne. Alichovya kipima asidi katika kila tundu, akakuta asidi ni nzuri. Alipima paneli, altaneta na kontrola ya sola. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amejaza kurasa tatu, na kurasa zote tatu zilisema kwamba gari ni zima.

"Basi hakuna shida," Ooko alisema.

"Kuna shida na sijaiona. Hayo ni mambo mawili tofauti. Leo mnalala wapi?"

"Kambi Saba. Barabara ikinyeshewa asubuhi haipitiki, kwa hivyo mimi hutangulia Jumatatu nalala hapo. Sister hunifuata Jumanne na boda boda."

"Leo tunaenda sote," Chelimo alisema, akafunga karakana.

Kambi Saba ilikuwa safu za nyumba za wachuma chai wa kampuni. Ilikuwa na nyumba arobaini na mbili za mabati, mabomba mawili ya maji, tangi moja la saruji la maji ya mvua na uwanja wa mpira. Kampuni ilipoleta mashine za kuchuma, ilibomoa nyumba hizo kwa asubuhi moja ya Februari na kupanda miche ya chai mahali pake. Tangi lilibaki kwa kuwa trekta halikuweza kulisukuma. Uwanja ulibaki kwa kuwa kanisa lilikuwa na kibali cha kuutumia kwa kliniki.

Ooko aliegesha gari penye lango la goli. Chelimo alihamisha chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Kisha alizima friji, akatoa taa, pampu ya maji na inveta, akachomoa nyaya za paneli. Betri zilibaki bila kazi yoyote. Alizungushia waya mkuu kipimo cha mkondo. Kilisoma sufuri.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni kilisoma nukta nne.

Chelimo alikagua waya, akaukuta haujaguswa na kitu. Kipimo kikasoma nukta nane, kisha moja nukta mbili. Aliinua kichwa, akatazama dirishani. Taa tatu zilikuwa zinawaka katikati ya miche ya chai, kimo cha mtu mrefu kutoka ardhini. Hazikuwa na nguzo, wala waya, wala dari. Ya nne iliwaka alipokuwa akizitazama, na kipimo kikapanda kwa nukta nne nyingine. Ilikuwa taa ya wati tano, ya kawaida, inayouzwa kila duka.

Kufikia saa moja kasorobo zilikuwa zinawaka taa arobaini na mbili katika safu tatu zilizonyooka, na kipimo kilisoma ampea kumi na sita nukta nane. Chelimo alipiga hesabu kwenye karatasi. Hesabu ilikubali.

"Ooko," alisema. "Nilikuuliza asubuhi kama kuna kitu kingine kinatumia hizi betri."

"Uliuliza kama kuna kitu nimeunganisha. Sijaunganisha kitu."

"Na hizi taa?"

"Hizo ni za watu." Alikuwa akimenya muhogo. "Ile ya kwanza ni ya kina Gordon. Hao walikuwa wanawasha hata jua likiwa juu. Ile ya tisa ni ya mama yangu. Huyo anakuja."

Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa akipita kando ya uwanja akiwa na kigoda mkononi na beseni kichwani. Aliingia kati ya miche bila kuikanyaga, akaweka kigoda chini ya taa ya tisa, akaketi, akaanza kuchambua maharagwe.

Chelimo alienda kumsalimia. Jina lake lilikuwa Aluoch. Alikuwa amechuma chai katika shamba hilo kwa miaka thelathini na moja.

"Unatoka mbali, mama?"

"Niko na chumba pale sokoni. Landlord anazima taa saa mbili, anasema tunamaliza stima." Alitupa jiwe dogo nje ya beseni. "Hapa hakuna mtu wa kunizimia. Wewe ndiye fundi? Mbona husimami mahali pamoja? Unatembea kama kuku anatafuta pa kutaga."

"Natafuta mahali umeme unapotokea, mama."

"Si uko hapa," Aluoch alisema, akionyesha juu kwa kidole.

Chelimo aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito, na taa zote zilikuwa zimezimika usiku. Saa kumi na moja kamili taa ya kwanza iliwaka, na ndani ya nusu saa zilikuwa zimewaka zote, moja moja, kwa namna watu wanavyoamka. Ya kumi na nane iliwaka na kuzimika mara tatu. Chelimo aliandika kila moja na dakika yake.

Jerusa alifika na boda boda saa moja, viatu vyake vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama mlangoni.

"Hiyo kumi na nane ni ya Joan," alisema. "Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa analia asubuhi, anawasha, ananyonyesha, anazima."

Saa moja na dakika arobaini taa ya kwanza ilizimika. Haikufifia kama taa ya betri iliyochoka. Ilikatika, na mkondo ukashuka kwa nukta nne kamili. Dakika moja baadaye ya pili ilikatika, kisha ya tatu. Zilikwenda kwa mpangilio wa safu, moja kila dakika, hadi saa mbili na dakika ishirini na moja, ilipokatika ya mwisho. Kipimo kilirudi sufuri. Betri zilikuwa zimeshuka hadi volti kumi na mbili nukta moja. Kama friji nayo ingekuwa inafanya kazi, zingeshuka zaidi na inveta, inayoipa friji umeme, ingejizima.

"Hivyo ndivyo trekta lilivyopita," Ooko alisema. "Lilianzia kwa kina Gordon."

Chelimo alirudi chini ya benchi. Jumatatu iliyofuata walirudi uwanjani, naye aliitenganisha betri moja baada ya nyingine. Alipoitoa ya kwanza, taa kumi na nne za safu ya juu zilizimika. Alipoirudisha, ziliwaka. Ya pili ilishika safu ya kati na ya tatu safu ya chini. Betri ya nne haikushika chochote.

"Hii ya nne ina tofauti gani?"

"Ni mpya," Ooko alisema. "Tuliiweka Aprili."

"Ukaiongeza maji gani?"

"Ya chupa. Ilikuja na chupa yake."

"Na hizi tatu?"

"Machi zilikuwa zimekauka. Nilikuwa hapa, duka liko mbali. Nikachota kwa tangi."

"Maji ya betri ni yale yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa. Imeandikwa kwenye kifuniko."

"Fundi, mvua ya hapa ni safi kuliko hiyo ya chupa. Kila mtu anajua. Mzee mmoja wa Litein ameweka ya mvua kwa trekta lake miaka kumi na bado linaguruma."

Hilo lilikuwa kweli na Chelimo alilijua, kwa kuwa nusu ya wateja wake walifanya hivyo. Mvua ya vilima hivyo ilikuwa laini na betri ziliivumilia. Lakini maji ya tangi hilo hayakuwa yametoka mawinguni moja kwa moja. Yalikuwa yamepita juu ya mabati ya nyumba arobaini na mbili, yakateremka kwa mifereji yake, miezi yote ya mvua fupi. Alienda kulitazama tangi. Lilikuwa limepasuka upande wa chini na halikuwa na kitu tena. Maji ya Kambi Saba yaliyosalia yalikuwa ndani ya betri tatu.

Aliandika: Chanzo kimepatikana. Kwa mara ya kwanza katika siku nane aliketi, akanywa chai ikiwa moto. Kisha akainuka.

"Basi mwaga," Jerusa alisema. "Mwaga, osha, weka asidi mpya. Si hivyo ndivyo mnafanya?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Basi?"

Chelimo alitazama taa zilizokuwa nje. Ooko alikuwa akitazama jiwe la nyuma ya gurudumu.

"Ooko, usinifanyie hivyo," Jerusa alisema. "Mimi pia nampenda mama. Lakini mtoto hachanjwi surua na taa."

"Sijasema kitu, sister."

"Umenyamaza kwa sauti."

Siku ya Alhamisi Bwana Onchiri, ofisa wa ustawi wa kampuni, alikuja uwanjani kwa pikipiki, kwani mlinzi alikuwa ameripoti taa zisizo na kibali. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Chelimo alikuwa amefika kupima ukubwa wa benchi. Ooko alikuwa ameleta gari, na kwa kuwa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Bwana Onchiri alizihesabu taa mwenyewe, akitembea baina ya miche na kunyoosha kidole.

"Ni za kuokoa umeme?" aliuliza.

"Ndiyo," Chelimo alisema. "Wati tano."

"Hiyo ni afadhali."

Chelimo alimpa karatasi za vipimo. Alimweleza kwamba taa zilionyesha namna kambi ilivyoishi hadi dakika ya kubomolewa. Watu waliamka saa kumi na moja. Joan alinyonyesha. Trekta lilianza saa moja na dakika arobaini na nyumba zote zilikuwa na watu.

Bwana Onchiri alisoma kwa makini, akigeuza kila ukurasa.

"Ripoti yetu inasema wakazi walihama kwa hiari Novemba," alisema. "Nyumba zilikuwa tupu miezi mitatu kabla ya kazi kuanza."

"Nyumba tupu haiwashi taa alfajiri, Bwana Onchiri."

"Mtoto wa Joan nilimchanja mimi," Jerusa alisema. Alikuwa amekuja na daftari lake, akalifungua. "Tarehe kumi na moja Februari. Alizaliwa tarehe kumi na tisa Januari. Nyumba kumi na nane, Kambi Saba. Mtoto wa Januari alihama Novemba vipi?"

Bwana Onchiri aliitazama tarehe hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuisoma.

"Sister, sisemi unadanganya."

"Najua hujasema."

"Ripoti ilisainiwa na watu watano. Mimi ni wa nne." Alitoa kalamu. "Nitazipokea hizi karatasi. Lakini lazima nizipokee chini ya kitu. Ofisi haina faili ya taa za nyumba zilizoondoka. Kuna faili ya hitilafu za umeme."

"Weka unapoweza," Chelimo alisema.

Bwana Onchiri alipiga muhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, akaziingiza ndani ya koti. Kisha akasema kwamba kampuni haikuwa na pingamizi juu ya taa ilimradi hazitumii umeme wa kampuni na haziharibu miche. Alipokuwa akiondoka alipunguza mwendo penye taa ya tisa, akamwamkia Aluoch. Aluoch aliitikia, akasogeza beseni lake ili pikipiki ipite.

Karatasi hizo hazikujibiwa.

Chelimo alifanya kazi hapo uwanjani Ijumaa nzima na Jumamosi nzima. Chini ya benchi palitosha betri nne tu, na nafasi mbili kati ya hizo alizitenga kwa friji. Katika ya kwanza aliacha betri mpya. Katika ya pili aliweka betri kutoka karakana yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikimwashia taa stima ilipopotea. Nafasi mbili zilizobaki zilichukua betri mbili za mvua. Ya tatu haikuwa na mahali. Aling'oa godoro la Ooko, akatengeneza sanduku la mbao mahali pa kitanda, akaitia humo, akatoboa sakafu na kupitisha mpira wa kutolea hewa, kwa kuwa betri ya maji hupumua gesi inayowaka na haifai kufungiwa na mtu.

"Na mimi nalala wapi?" Ooko aliuliza.

"Kiti cha dereva kinalala nyuma."

"Kidogo."

"Kidogo," Chelimo alikubali.

Alizigawa paneli. Moja ilichaji betri za friji na nyingine betri za kambi, kila moja kwa kontrola yake. Altaneta aliiacha kwa friji peke yake. Aliweka fyuzi kila upande na swichi nzito katikati, akaiandika kwa rangi nyekundu: USIUNGANISHE. Jioni, taa zilipowaka, betri za mvua alizijaza maji ya chupa kidogo sana, kijiko kwa kijiko, akiogopa kuyazimua yaliyomo, na baada ya kila tundu alimtuma Ooko nje kuhesabu taa. Zilibaki arobaini na mbili. Mara moja tu zilikuwa arobaini na moja, lakini Ooko alikuwa amekosea kuhesabu.

Jumanne iliyofuata friji ilisoma nyuzi tano alfajiri na nyuzi tano adhuhuri. Jumanne ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Mwezi wa Julai ulipokwisha kamati iliandika barua ya mistari miwili kwamba kliniki ya Kambi Saba itaendelea. Jerusa aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari. Siku hiyo alichanja watoto thelathini na tisa. Mama zao wengi walikuwa wa Kambi Saba ya zamani. Walitoka vyumba vya kupanga vya sokoni na walifika jana yake jioni, kila mmoja akaketi chini ya taa yake, wakiongea kwa kupaza sauti kutoka nyumba moja hadi nyingine kama zamani. Joan alimbeba mwanawe penye taa ya kumi na nane. Mtoto alikuwa na meno mawili.

Kazi ilikuwa imekwisha. Hata hivyo Chelimo aliendelea kuja kila Jumatatu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kilichomsumbua kilikuwa saa moja na dakika arobaini. Betri za kambi sasa zilikuwa na chaji ya kutosha hadi mchana. Volti zilikuwa kumi na mbili nukta sita. Taa zilikatika hata hivyo, kwa mpangilio uleule, moja kila dakika. Alibadilisha fyuzi akaweka kubwa zaidi. Alibadilisha waya mkuu akaweka mnene kama kidole gumba. Alibadilisha kontrola. Zilikatika. Jumanne moja ya Agosti alimwomba Ooko awashe injini na kukanyaga mafuta, akafungua swichi nyekundu mwenyewe, akaelekeza altaneta nzima upande wa kambi.

"Nishikilie mpaka lini?" Ooko aliuliza dirishani.

"Mpaka saa mbili na nusu."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini ya goli. Injini ilinguruma. Jerusa alisimama mlangoni na kipimajoto cha friji mkononi. Kipimo kilisoma volti kumi na nne nukta nne, ambazo ni chaji kamili na hakuna betri inayoweza kuomba zaidi. Saa moja na dakika arobaini taa ya kina Gordon ilikatika.

Chelimo alitembea kufuata safu, kipimo mkononi. Ya pili. Ya tatu. Alifika penye ya tisa akaikuta bado inawaka. Aluoch alikuwa ameshamaliza maharagwe. Alikuwa amelifunika beseni kwa leso, amekishika kigoda, na alikuwa amesimama, uso ukiwa kwenye mwanga.

"Mama, keti. Leo nimeiongezea nguvu."

"Nimesikia gari ikilia. Ni saa ngapi?"

"Saa moja na dakika arobaini na saba."

"Basi wacha nikae dakika moja." Hakuketi. "Siku ile nilikuwa nimeinama natafuta kiatu. Walisema toka, nikasema ngoja nitafute kiatu. Taa ikaenda. Mpaka leo sijui kama nilikiacha ndani." Aliweka beseni kichwani. "Umejaribu, nyathina, mwanangu. Hiyo haitoki kwa betri."

Taa ilikatika. Aluoch aliondoka kati ya miche, polepole, akielekea barabarani.

Chelimo alipunga mkono na Ooko akazima injini. Alirudi garini, akaifunga swichi nyekundu, akapima kila kitu upya kutoka mwanzo. Betri zilikuwa nzuri. Nyaya zilikuwa nzuri. Hakuna fyuzi iliyoungua. Nje, safu ya juu ilikuwa imekwisha na safu ya kati imeanza. Jerusa aliita mtoto wa kwanza kwa jina, na mtoto akaanza kulia kabla hajafika mlangoni.

Chelimo alichukua karatasi ya kazi. Penye nafasi ya mahali pa hitilafu aliandika: Si ndani ya gari. Akatia saini. Kisha, kwa kuwa taa ishirini na tano zilikuwa bado zinawaka, alitoka tena nje na saa yake kusubiri kila moja.